Kukiri imani mtandaoni: bila upanga, bila kukana



Usiku mmoja tu ulimtosha Mtume Petro kuanguka mara mbili, tena kwa namna mbili zinazoonekana kupingana. Bustanini alichomoa upanga akamkata sikio mtumishi wa kuhani mkuu, aliyeitwa Malko. Saa chache baadaye, uani, karibu na moto wa makaa, alikana kwamba anamfahamu Yesu. Hapo hakuwa mbele ya mahakama, wala hakuna askari aliyekuwa amemkamata. Waliomuuliza walikuwa mjakazi wa mlangoni na watu waliokuwa wakiota moto. Mwinjili Yohane anaongeza jambo dogo ambalo sisi wasomaji hulipita haraka: mmoja wa wale waliomuuliza Petro pale motoni alikuwa ndugu wa yule aliyekatwa sikio.

Ninawakumbusha habari hii kwa sababu vikundi vya mazungumzo tunavyovibeba ndani ya simu zetu vinafanana sana na ua ule. Watu huingia humo kuota moto: waliosoma darasa moja, wauzaji wa soko moja, vijana wa timu moja, watu wa ukoo mmoja. Wanaongea juu ya mpira, bei ya mega, karo ya shule, vita na uchaguzi. Ghafla mmoja anaandika kwamba Wakatoliki wanaabudu sanamu, au kwamba mtu anayeamini Mungu ameacha kufikiri. Mwingine anageuka na kuuliza: «Wewe si mtu wa parokia? Unasemaje?» Katika saa hiyo wengi wetu hufanya moja kati ya mambo mawili ya Petro. Ama tunakana kwa kunyamaza au kwa kucheka pamoja na wanaocheka, ama tunachomoa upanga.

Maoni yangu ni haya: kijana Mkatoliki anapaswa kusema wazi anachokiamini katika mazungumzo hayo, kwa jina lake mwenyewe na kwa upole. Naongeza kwamba upanga na kukana si vitu viwili vilivyo mbali kimoja na kingine. Anayepiga kwa upanga leo anajiandalia kukana kesho, maana ndugu wa Malko atakuwapo motoni.

Sababu za kunyamaza

Tuwe wakweli: wanaonyamaza wana sababu zao, na si zote za kudharauliwa.

Wa kwanza husema: «Imani ni jambo la moyo, na nchi yetu haina dini rasmi.» Sehemu ya pili ya neno hilo ni kweli. Katiba ya Jamhuri yetu, ya tarehe 18 Februari 2006, inatamka katika kifungu cha kwanza kwamba dola halifungamani na dini yoyote. Lakini Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 22, inampa kila mtu haki ya kuonyesha dini yake au imani yake, akiwa peke yake au pamoja na wengine, hadharani kama vile faraghani, mradi aheshimu sheria, utulivu wa watu wote, maadili mema na haki za wengine. Basi dola kutokuwa na dini hakumzuii raia kusema dini yake. Kunamlinda aiseme bila hofu, na kunamlinda jirani yake pia asilazimishwe kuifuata.

Wa pili husema: «Matendo yanatosha.» Kijijini au mtaani neno hilo lina uzito. Watu wanakuona unamchotea maji mjane, wanakuona unarudisha chenji iliyozidi, wanajua unatoka wapi kila Dominika asubuhi. Katika kikundi cha simu hawaoni hayo. Wanaloliona ni neno lako tu. Kama neno lako halisemi kitu juu ya yule unayemwamini, hakuna tendo litakalosema badala yake. Lakini hapa pana jambo la kuongeza. Katika ujumbe wake wa mwaka 2011 kwa Siku ya Upashanaji Habari Duniani, Papa Benedikto XVI alieleza kwamba kuishuhudia Injili mtandaoni hakuishii katika kuweka mambo ya dini huko. Kunaonekana pia katika namna tunavyotoa maoni yetu, tunavyochagua na tunavyopima mambo. Maana yake ni kwamba hata unapoongea juu ya mpira au bei ya unga, unaonyesha wewe ni nani.

Wa tatu husema: «Sijui vya kutosha, nitaaibisha Kanisa.» Huyu ndiye ninayempenda zaidi, kwa kuwa anajipima. Lakini nimkumbushe yule mtu aliyezaliwa kipofu, katika sura ya 9 ya Injili ya Yohane. Wenye elimu walimbana kwa maswali. Naye alieleza kilichoyapata macho yake, na mengine akakubali kwamba hayajui. Hakujibandika elimu ambayo hakuwa nayo, wala hakuficha alichokiona. Kijana anayeandika: «Swali lako ni zuri, jibu lake silijui vizuri, nitamuuliza padri wetu au mkatekista nikurudishie,» huyo amekiri imani yake bila aibu yoyote. Sharti lake ni moja: aende kweli kuuliza, na arudi kweli na jibu.

Upanga unavyofanya kazi

Tuchukue mfano unaotokea kila wiki. Kijana wa kanisa la uamsho anaandika katika kikundi kwamba Wakatoliki wanamwabudu Maria. Wetu mmoja anakasirika, anajibu kwamba kanisa lao lilianza jana chini ya hema na kwamba mchungaji wao anakula sadaka. Wengine wanampongeza kwa vicheko na vidole gumba. Anaona ameitetea imani.

Ametetea nini? Swali lilikuwa juu ya Maria, na swali hilo limebaki bila jibu. Aliyeuliza hakujifunza lolote juu yetu ila kwamba tunajua kutukana. Na tazama jambo la pili: binti wa mchungaji yule anasoma pia katika kikundi, au mama yake mdogo, au rafiki aliyeponyeshwa njaa na kanisa lile. Hawa hawajibu. Wananyamaza, wanatunza. Mwezi ujao kijana wetu atakapotaka kuongea juu ya msamaha, au juu ya ndoa, au juu ya uhai wa mtoto aliye tumboni, watakumbuka sikio lililokatwa. Mmoja atamuuliza: «Si wewe niliyekuona siku ile?» Naye, kama Petro, atatafuta njia ya kutoka uani.

Jibu jingine lilikuwa linawezekana, na halihitaji elimu ya seminari: «Ndugu, mimi ni Mkatoliki. Kanisa langu linafundisha kwamba kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Maria tunamheshimu na tunamwomba atuombee kwa Mwanae, kama vile wewe unavyomwomba mchungaji wako akuombee. Ukipenda tuongee zaidi, niko tayari.» Sentensi nne zinatosha. Pengine hatakubali, na si lazima akubali siku hiyo. Lakini amejibiwa na mtu mwenye jina, na mlango umebaki wazi.

Petro mwenyewe alijifunza. Katika barua yake ya kwanza, sura ya 3, anawataka Wakristo wawe tayari siku zote kumjibu anayewauliza sababu ya tumaini lao, na papo hapo anaweka sharti la upole na heshima. Angalieni ni nani anayedai upole: ni mwenye upanga wa bustanini. Anajua anachokisema.

Mianzo mitatu ya sentensi

Kama mwalimu, ninapenda kutenganisha mambo yanayochanganywa. Katika mazungumzo juu ya dini kuna mianzo mitatu ya sentensi, na kila mmoja una uzito wake.

Wa kwanza ni «Kanisa linafundisha». Utumie pale tu ambapo ni kweli, na ambapo unaweza kuonyesha: katika Maandiko, katika Katekisimu, katika Mtaguso. Wa pili ni «Ninaamini». Huu ni wako. Hapa unasimama wewe, na maisha yako yanaulizwa pamoja na maneno yako. Wa tatu ni «Ninaonelea». Huu ni wa mambo ambayo Wakatoliki wawili wema wanaweza kutofautiana juu yake: mgombea gani apewe kura, nyimbo gani zipigwe ngoma katika Misa, wasichana wavae nini katika sherehe ya kikundi.

Magomvi mengi ninayoyasoma yanatoka hapa: mtu anasema «Kanisa linafundisha» pale alipopaswa kusema «Ninaonelea». Anachukua wazo lake na kulivika kanzu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaligusa jambo hili waziwazi. Kanuni ya 227 inawatambulia walei uhuru wao katika mambo ya dunia, na inawaonya wasiyatoe maoni yao binafsi kana kwamba ni mafundisho ya Kanisa katika mambo yanayoruhusu maoni mbalimbali. Anayevunja onyo hilo anawadanganya wasikilizaji, na siku wazo lake litakapoonekana kosa, watasema Kanisa limekosea.

Zoezi hili linasaidia pia kuongea na wasioshiriki imani yetu. Katika Maniema, kwa mfano, Wakatoliki na Waislamu wamekaa mitaa mimoja tangu vizazi vingi. Kijana wa Kasongo anayesema kwa jirani yake Mwislamu «Mimi ninaamini hivi, kwa sababu hizi, wewe je?» anampa nafasi ya kusema naye «Mimi ninaamini hivi». Hapo kila mmoja anajua mwenzake amesimama wapi, na wanaweza kuongea wazi bila mmoja kumtega mwingine.

Rozari karibu na jina lako

Wengi wenu mmeweka rozari, sura ya Bikira Maria au Moyo Mtakatifu mahali pa picha, karibu na jina lenu. Ni vizuri. Lakini mjue mmefanya nini: mmetia sahihi ya Kanisa chini ya kila neno mtakaloandika au kulisambaza.

Fikirini juu ya ujumbe unaotumwa bila kusomwa. Ule unaosema «Tuma kwa watu kumi upate muujiza kabla ya usiku» si tangazo la Injili. Ni ushirikina uliovaa msalaba. Neema ya Mungu haihesabu ujumbe uliotumwa. Mtandao wa WhatsApp wenyewe huweka alama ya mishale miwili juu ya ujumbe uliopitishwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kupelekwa zaidi ya kikundi kimoja kwa wakati mmoja. Watengenezaji wa chombo waliona hatari. Itakuwa ajabu mwenye rozari asiione.

Hatari hiyo sisi wa mashariki ya nchi tunaifahamu. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri ulidumu hadi Juni 2020 na kuwaua watu zaidi ya 2,200. Katika miezi hiyo habari za uongo zilisambaa mdomo kwa mdomo na simu kwa simu: kwamba ugonjwa haupo, kwamba chanjo ndiyo inayoua. Waliozisikia wakaogopa wauguzi, na kuna wauguzi walioshambuliwa. Mtu akiipokea habari ya namna hiyo kutoka kwa mwenye picha ya Bikira Maria, huiamini zaidi. Hivyo ndivyo ishara ya imani inavyogeuka kuwa mkono wa kusukumia uongo.

Liko jambo zito kuliko hilo. Kuna siku unasoma, chini ya rozari, maneno yanayowaita watu wa kabila fulani nyoka, au yanayodai waondolewe mtaani. Au ni sauti iliyorekodiwa, isiyo na jina la mwenyewe, inayosambazwa na kijana aliyepokea Kipaimara mwaka jana. Katika nchi hii hatuna haki ya kusema ni maneno tu. Neno la usiku ndani ya simu laweza kuwa jiwe au moto mlangoni pa jirani asubuhi. Sheria inalikataza: tangu sheria ya tarehe 7 Juni 1966, uchochezi wa ubaguzi wa rangi na wa kikabila ni kosa la jinai, na Kanuni ya mambo ya kidijitali ya Machi 2023 inaadhibu wanaosambaza chuki hiyo kwa njia ya mtandao. Lakini Mkristo hapaswi kungoja sheria. Mmebatizwa kwa ubatizo mmoja na huyo mnayemwita nyoka, na Dominika mnapokea Mwili uleule. Ukiandika neno lile chini ya sura ya Maria, umemkana Kristo kwa sauti kubwa kuliko Petro, kwa kuwa Petro walau alitoka nje akalia.

Ndiyo maana ninasema: katika kikundi ambamo chuki inaanza, kukiri imani si kuandika aya ya Biblia. Ni kuandika: «Mimi ni Mkristo, sitalisambaza hili, na ninawaomba tulifute.» Sentensi hiyo moja itakugharimu marafiki. Ikigharimu, ndipo unajua kwamba umekiri kitu.

Wakongomani wawili

Kanisa la Kongo halikosi mifano. Mwenye heri Isidori Bakanja alibatizwa tarehe 6 Mei 1906. Alikuwa kijana mfanyakazi tu, si padri wala mtawa. Wenzake walimtambua kwa rozari na skapulari yake, na aliwafundisha kusali. Mzungu aliyemsimamia shambani aliamuru avue skapulari ile. Bakanja hakuivua, akachapwa mjeledi hadi mgongo ukaoza, akafa kwa vidonda hivyo tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amemsamehe aliyempiga. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994. Bakanja hakuificha ishara yake, wala hakuitumia kumpiga nayo mtu yeyote.

Wa pili ni wa karibu zaidi nasi. Mwenye heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma na mwana wa Jumuiya ya Sant'Egidio, alifanya kazi katika ofisi ya ukaguzi wa bidhaa. Alikataa fedha za rushwa alizopewa ili apitishe chakula kilichoharibika, akauawa Julai 2007 akiwa na miaka 26. Alitangazwa Mwenye heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Wote waliokuwa wakila chakula cha soko lile, wawe Wakatoliki, Waprotestanti au Waislamu, walilindwa na imani ya mtu mmoja. Imani iliyosemwa mtandaoni ipimwe hapo pia: je, kuna asiye wetu anayepata usalama kwa sababu tumeisema?

Kimya chenye haki

Sitaki mtu anielewe vibaya. Kuna saa ambayo kunyamaza ni wajibu. Usitaje jina la familia inayowaficha wakimbizi, hata kwa kuisifu. Usiandike saa na mahali pa mkutano katika kikundi ambacho huwajui wote waliomo. Usirudie hadharani aliyokuambia mwenzako kwa siri, hata kama yangefaa kuwa ushuhuda mzuri. Na anayekuchokoza kwa kupenda ugomvi, mjibu mara moja kwa heshima, kisha mwache. Mtu hakuwekewa wajibu wa kujibu mara ishirini.

Namna ya kutofautisha kimya cha busara na kimya cha Petro ni kujiuliza: kimya changu kinamlinda nani? Kikimlinda mwingine, nyamaza kwa amani. Kikiulinda uso wangu tu, usije ukachekwa, basi nimekwisha kufika uani, karibu na moto.

Mtu atasema kwamba ninawatwika vijana mzigo: waseme, na wakisema wasipige, na wakitopiga wawe tayari kuulizwa maisha yao. Ni kweli. Anayetamka «Mimi ni Mkatoliki» mbele ya watu mia mbili amewapa watu mia mbili ruhusa ya kumuuliza mbona jana aliandika vile. Mimi naiona ruhusa hiyo kuwa msaada. Inatuzuia kuandika saa sita za usiku mambo ambayo tusingeyasema mchana mbele ya mama zetu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kila mmoja akumbuke mazungumzo moja ya simu ambamo imani yake iliguswa. Je, alinyamaza, alipiga, au alijibu? Kimya chake kilimlinda nani?

2. Chukueni swali moja ambalo wenzetu wa makanisa mengine hutuuliza mara kwa mara. Andikeni pamoja jibu lisilozidi sentensi tano, lisilo na neno la dharau, kisha mlipeleke kwa padri au mkatekista alisahihishe.

3. Tazameni ujumbe wa dini mlioupokea wiki hii. Ni upi unaoweza kuanza kwa haki na «Kanisa linafundisha»? Ni upi ulio wa «Ninaonelea»? Ni upi wa kufutwa?

4. Maneno ya chuki juu ya kabila yakitokea katika kikundi chetu, nani ataandika wa kwanza, nasi wengine tutamuungaje mkono ili asibaki peke yake?